Nataka kusaidia labu ya baiolojia nilikosoma, pesa niipeleke wapi isipotee?

spea_za_town:
Wadau habari za jioni. Mi nilisoma zuolojia hapa Nairobi, nikamaliza 2004, kazi ya digrii haikupatikana nikaingia biashara ya spea za magari na Mungu amenijalia. Juzi nilipita idarani kumsalimia mwalimu wangu wa zamani, nikakuta kijana wa mastazi amekaa kwa ngazi, amekusanya sampuli miezi saba na sasa hana pesa ya kemikali za kutoa DNA, mwaka mzima amekwama hapo. Iliniuma sana. Nimeweka kando laki tatu. Nilikuwa nafikiria kuwanunulia darubini kubwa mpya lakini mama watoto akaniambia uliza kwanza wanaoijua hiyo kazi. Pia naogopa pesa ikiingia akaunti kuu ya chuo iishie kulipa bili ya maji. Nishaurini.

fundi_wa_labu:
Ubarikiwe mkubwa, na mama watoto amesema ukweli. Niko labu miaka 19. Darubini tunazo, mbili zililetwa kama msaada na ziko chini ya kitambaa mpaka leo kwa sababu balbu ziliungua na za aina hiyo hatujapata hapa nchini. Usinunue mashine, linda kazi ambayo tayari imefanyika.

Sampuli zetu zinakaa kwa friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Kuna wikendi stima ilipotea Ijumaa usiku, jenereta haikuwa na dizeli, na mimi nikafungua mlango Jumatatu asubuhi. Tyubu zilikuwa zinaelea kwa maji, lebo zimebanduka zimeshikana pembeni. Binti mmoja alikuwa na damu ya mbuzi aliyoitoa Kajiado boma kwa boma. Alishika ile raki akaiangalia tu, hakusema neno. Kuna kidude cha kupima baridi kinawekwa laini ya simu, friza ikianza kupanda kinakutumia meseji saa hiyo hiyo. Kingekuwepo ningechukua boda usiku ule ule nihamishe kila kitu. Hicho na stabilaiza, kwa sababu stima ikirudi na nguvu ndio inaua kompresa.

mlipa_kodi254:
Samahani lakini si hii ni kazi ya serikali? Sheria ya sayansi ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Tukianza kutoa mfukoni wataona hakuna shida.

konokono_mwea:
@mlipa_kodi254 uko sawa na tuidai kwa sauti, hiyo asilimia 2 haijawahi kufika. Lakini konokono hangojei bajeti. Mi niko PhD, nafuata konokono wa kichocho kwa mifereji ya mpunga huko Mwea, unaingia na gambuti na upawa unachota, ukirudi kila mmoja unamweka kwa kikombe chake cha maji safi kwenye mwanga, baada ya masaa kadhaa mwenye ugonjwa anaanza kutoa vijidudu vya mkia uliogawanyika mara mbili, na hivyo ndivyo vinaingia kwa ngozi ya mtoto anayeogelea pale pale. Msimu mmoja nilikosa nauli na pesa ya kibarua wa kunisaidia, nikaruka miezi miwili, na hiyo miezi huwezi kuirudia, iko tu wazi kwa grafu yangu. Kwa hivyo bro, toa kitu kidogo cha nauli, ethanoli na kemikali kwa wanafunzi wawili watatu, kitu ya elfu 50 hivi kila mmoja. Thesisi inaisha nayo.

mwalimu_chiromo:
Naongeza upande wa taratibu. Usimpe mhadhiri pesa taslimu, hata mimi usinipe. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara useme msaada ni wa kitu gani hasa, nunua vitu wewe mwenyewe kwa ajenti wa hapa, vipelekwe na delivari, fundi asaini na viingizwe kwa rejista ya mali. Kwa wanafunzi, uliza kwanza kama proposo imepitishwa na kama leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, imetoka, bila hiyo hawezi kuanza kukusanya. Na kemikali zisinunuliwe zote siku moja, zinaekspaya, vimeng'enya vya PCR, ile kazi ya kuzidisha DNA, vinataka nyuzi 20 chini ya sufuri tangu vinatoka dukani. Mwanafunzi alete orodha ya miezi mitatu, ikiisha alete nyingine.

spea_za_town:
Nimesoma yote, darubini nimeachana nayo. Tutaanza na friza na yule kijana wa kwa ngazi, halafu wawili wengine mwalimu atanielekeza. @mlipa_kodi254 barua kwa mbunge nitaandika pia, nasema kweli. @fundi_wa_labu stabilaiza niachie mimi, kuna jamaa namjua pale Luthuli Avenue hawezi kunipa feki, ila nitumie picha ya kile kibati cha nyuma ya friza kinachoonyesha wati na ampea, nimpitie kesho kabla ya saa nne.