Ushauri unaombwa: kuhamia Bugala, Kalangala, kwa kipato cha fundi

Fundi wa Kireka:

Nawasalimu nyote. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nina umri wa miaka 46, na nimeajiriwa kwa muda mrefu katika karakana moja hapa Kampala. Baada ya makato napokea shilingi 980,000 kwa mwezi, na kazi za jioni huniongezea kiasi ambacho siwezi kukitabiri. Kodi ya nyumba, karo za watoto wawili na nauli za kila siku huumaliza mshahara kabla mwezi haujafika nusu. Mke wangu hushona nguo nyumbani, na kila siku anatumia dawa za shinikizo la damu. Mtoto wetu mkubwa yuko kidato cha tatu, na mdogo yuko darasa la sita.

Tunafikiria kuhamia kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala, katika Ziwa Victoria. Nimewahi kupelekwa huko kutengeneza friza za nyumba ya wageni, nikaona jambo ambalo halijanitoka moyoni hadi leo: mwenye duka la samaki alikuwa na friza mbili zilizokufa, akazigeuza makabati ya kuwekea unga na sukari, kwa sababu kumwita fundi kutoka Masaka au Entebbe kulimgharimu zaidi ya alivyoweza kumudu. Naamini ujuzi wangu unahitajika huko. Kwa kuwa nimepita miaka 45 na nimechangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa zaidi ya miaka 10, sheria ya 2022 inaniruhusu kuchukua asilimia 20 ya akiba yangu, na nikijumlisha na fedha zetu za SACCO tutakuwa na takriban shilingi milioni 14. Kuna mtu anatuuzia kibanja, yaani kipande cha ardhi, kilicho karibu kabisa na ziwa kwa milioni 11. Ninaomba mnieleze kama hesabu hii inasimama, na kama tununue sasa au tusubiri. Rafiki mmoja ananishauri nifikirie Zanzibar badala ya Kalangala. Nalo naomba mnisaidie kulipima.

Mkazi wa Bugala:

Ndugu fundi, karibu. Niko hapa tangu michikichi ilipoanza kupandwa, na nimewaona wengi wakija na wengi wakirudi. Waliorudi hawakushindwa na maisha ya kisiwani yenyewe, maana chumba cha kupanga hapa ni nafuu kuliko Kireka na huna nauli ya kila asubuhi. Walishindwa na gharama ya kuvuka maji.

Kuna njia kuu mbili. Feri ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi inafika Lutoboka, hapa kisiwani. Kesho yake saa mbili asubuhi inarudi. Maana yake ni kwamba ukitoka hapa asubuhi unafika Entebbe karibu na saa sita, na saa nane feri inageuza. Katika muda huo utanunua vitu Entebbe, lakini huwezi kwenda Kampala kutafuta kompresa na kurudi, kwa hiyo kila safari ya vipuri mjini ni safari ya kulala. Njia ya pili ni feri ya Bukakata, upande wa Masaka, kwenda Luuku hapa kisiwani, ambayo haitozwi nauli kwa sababu imehesabiwa kuwa sehemu ya barabara ya umma. Hiyo inavuka kwa muda mfupi na inabeba malori, na barabara ya kutoka Masaka hadi Bukakata, kama kilomita 40, sasa ina lami. Hata hivyo kutoka Luuku hadi mjini Kalangala bado kuna mwendo, na ukiwa na mzigo bodaboda watakutoza ipasavyo.

Kwa hiyo jifunze kuishi kwa kuagiza. Fundi anayehama na vipuri vya miezi kadhaa, yaani gesi, relei, themostati, kapasita na kompresa chache za ukubwa unaotumika sana, atapata faida. Atakayevuka kila friza inapoharibika atafanya kazi kwa ajili ya nauli. Saruji, mabati, sukari, matoke na vitunguu vyote vimevuka maji kabla ya kukufikia, na bei zake zinaonyesha hivyo. Usidhani pia kwamba utakula sangara kila siku kwa kuwa unaishi ziwani, kwa sababu sangara mkubwa ana wanunuzi wa viwanda wanaomsubiri mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, na barafu yao.

Karani wa Ardhi Mstaafu:

Naomba nijikite kwenye kibanja, kwa sababu hapo ndipo milioni 11 zinapoweza kupotea kwa mchana mmoja.

Umesema kiko karibu kabisa na ziwa. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria, na ndani ya ukanda huo huruhusiwi kujenga au kulima upendavyo bila idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwema anayeamini kwa dhati kwamba eneo ni lake, na bado ukawa umenunua mahali ambapo huwezi kuweka hata msingi. Vilevile kumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya sitini. Mialo mingi ilizama, na watu waliolala mita chache kutoka ufukweni wakahamisha magodoro usiku. Kabla ya kutoa senti, waulize wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka ule, na uoneshwe kwa kidole.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Kalangala ni mailo, aina ya umiliki wa ardhi wa kudumu kwa hati, na kwenye mailo mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja, yaani mkaaji, ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2010, inamtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Ukinunua kwa siri, kwa karatasi iliyosainiwa chini ya mwembe na mashahidi wanne, mwenye hati akijitokeza utakuwa huna pa kushika. Mtafute mwenye hati au wakala wake, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya Masaka, mshirikishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hicho, na kama muuzaji ana mke anayeishi hapo, hakikisha ameridhia kwa maandishi. Angalia pia kama mpaka haugusi msitu wa hifadhi, kwa sababu visiwani misitu hiyo ni mingi na alama zake huwa zimemezwa na vichaka.

Kwa maoni yangu, usinunue mwaka huu. Panga nyumba, kaa msimu mzima wa mvua, halafu ndipo uzungumze juu ya ardhi.

Msafiri wa Pwani:

Kuhusu Zanzibar nitasema kwa ufupi. Kama Mganda utaingia Tanzania bila viza, lakini kuingia si kufanya kazi. Utahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, na ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, ambayo mgeni huipata kwa kukodisha kupitia uwekezaji wa kiwango ambacho milioni 14 za Uganda hazikikaribii. Kwa familia yenye watoto shuleni, kisiwa kilicho ndani ya nchi yako ni chaguo salama zaidi.

Muuguzi wa Visiwani:

Nimefanya kazi katika vituo vya afya vya Kalangala, na ninaandika kwa ajili ya mama wa nyumba hiyo. Mjini Kalangala kuna kituo cha afya cha ngazi ya nne, na matibabu ya kawaida yatapatikana. Hata hivyo hospitali ya rufaa iliyo karibu iko Masaka, ng'ambo ya maji, na usiku feri hazifanyi kazi kama mchana. Mtu mwenye shinikizo la damu asikae kisiwani akiwa na dawa za siku tatu. Awe na akiba ya angalau miezi miwili, awe na kipimo chake nyumbani, na familia ijue mapema nani ana boti imara ya injini na ni kiasi gani anatoza kwa dharura. Fedha hiyo itengwe na isiguswe kwa jambo lingine lolote.

La pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na humwingia mtu kupitia ngozi, hata akiwa amesimama tu akifua. Watoto wanaohamia kutoka mjini hufurahia ziwa kuliko wote, na ndio ninaowaona kliniki. Wazoeeni maji ya bomba au ya mvua, na mfuatilie kampeni za dawa za kichocho zinapofika shuleni. Vyandarua ni lazima kila kitanda.

Mama Mukene:

Kaka fundi, mimi nauza mukene, yaani dagaa wa ziwani, hapa mwaloni, na ningependa ujue jinsi fedha inavyotembea huku, kwa sababu wateja wako watakuwa watu kama mimi.

Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu na anga jeupe, taa hazivuti samaki, boti hupumzika, na mwalo mzima huishi kwa mkopo. Giza likirudi, fedha hurudi. Kwa hiyo mtu atakuletea friza wakati wa mwezi mpevu, akikuahidi kulipa boti zitakapoingia. Baadhi watalipa na baadhi watakuwa wamehamia kisiwa kingine, kwa maana wavuvi hufuata samaki na hawafungwi na mahali. Chukua fedha ya vipuri kabla ya kufungua hata skrubu moja, na ufundi wako ndio uudai baadaye.

Mkeo asiache cherehani yake. Katika mialo yetu kuna Waganda, Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wanyarwanda na Wakongo, na Kiswahili kitamsaidia sana. Sare za shule na kurekebisha nguo kuukuu vina wateja mwaka mzima.

Mtu akikushawishi utie akiba yako kwenye boti ya uvuvi, kataa. Mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kudhibiti uvuvi ziwani, boti fupi kuliko futi 28 na nyavu zisizoruhusiwa zikawa zinachomwa, na nimeona mitaji ya watu ikiteketea ufukweni kwa dakika chache.

Mwalimu wa Entebbe:

Mimi ninapingana kidogo na wenzangu. Kama mtoto mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine darasa la sita, basi mwakani wote wawili ni watahiniwa, mmoja wa kidato cha nne na mwingine wa darasa la saba. Kuwahamisha sasa, kubadilisha walimu na kituo cha mtihani katika mwaka huo huo, ni kuwabebesha watoto gharama ya ndoto ya wazazi. Fundi hana haja ya kuhama ili afanye kazi Kalangala. Anaweza kukusanya oda kwa simu, kuvuka mara moja kwa mwezi na vifaa vyake, kukaa siku chache na kurudi. Baada ya mitihani atajua kama kazi ipo kweli au ni picha ya friza mbili alizoziona.

Mkazi wa Bugala:

Mwalimu, kuhusu watoto nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu kuja mara moja kwa mwezi, nina shaka. Samaki hawasubiri mwisho wa mwezi. Friza ikizima leo, kesho mwenye mali anatafuta mtu wa kuitengeneza kesho hiyo hiyo, na fundi asiyekuwepo anasahaulika. Thamani ya fundi wa kisiwani ni kwamba yuko.

Fundi wa Kireka:

Ninawashukuru kwa uzito mlioupa mzigo wangu. Mke wangu amesoma yote nami, na tumekubaliana kuachana na kibanja kile. Tunachofikiria sasa ni kwamba nitangulie peke yangu mwezi wa kwanza, nipange chumba mjini Kalangala, naye abaki Kireka na watoto hadi wamalize mitihani ya mwaka ujao. Nyumba mbili ni gharama, lakini cherehani na kazi zangu zikisaidiana tunaweza kustahimili mwaka mmoja bila kugusa zaidi ya milioni 6. Nina maswali mawili yaliyobaki. Umeme wa huko ukoje kwa mtu wa kazi yangu? Na ni nini hasa nibebe?

Mkazi wa Bugala:

Bugala ilijengewa mtambo wa Bukuzindu unaochanganya jua na dizeli, kwa hiyo mjini kuna umeme wa kuendeshea karakana. Visiwa vidogo kama Bubeke na Banda ni sola na jenereta, na huko ndiko friza hufa zaidi, kwa sababu jenereta ikikohoa volti hupanda na kushuka hadi kompresa inaungua. Njoo na vidhibiti volti vya kuuza, na ujifunze friza za sola za volti 12 na 24 kabla hujaondoka, maana huku bado hakuna anayezijua vizuri.

Mitungi ya gesi pitisha Bukakata ndani ya lori, ikiwa imefungwa wima. Usiipakie kwenye boti za mbao pamoja na abiria. Ukilazimika kwenda visiwa vidogo kwa boti, vaa jaketi la kujiokolea hata kama wengine wanalikalia, na usivuke usiku wala alfajiri, kwa sababu dhoruba nyingi za ziwa hili huja saa hizo. Beba pia barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 wa Kireka na kitambulisho cha taifa. Siku ya kwanza umpelekee mwenyekiti wa hapa kabla hujafungua sanduku la vifaa. Chumba chenye veranda pana karibu na soko kinapatikana kwa jirani yangu, naye yuko tayari kukushikia hadi katikati ya mwezi wa kwanza.