Tupeane uzoefu: ulichaguaje sororiti ya kujiunga nayo chuoni Marekani?

Shangazi_wa_Marietta (mwanzisha mada)

Habarini wadau wa ughaibuni.

Mdogo wangu wa mwisho anaingia chuo mwezi wa nane, chuo kikubwa cha jimbo huku kusini, vile ambavyo uwanja wao wa mpira unaumeza Uwanja wa Mkapa. Tangu Mei hana habari nyingine zaidi ya sororiti, vile vyama vya udada vya wasichana wa chuo. Anashinda kwenye zile video za wasichana wanaojionyesha mbele ya kioo wakitaja viatu, hereni na gauni vimetoka duka gani, zile zilizowasha moto TikTok Agosti 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Alabama. Mimi nilisomea chuo cha miaka miwili, madarasa ya jioni, mchana nikihudumia wazee, kwa hiyo haya mambo nayasikia kwa watu tu. Mzee yuko Dar, kauliza swali moja kwenye simu: "Hao si Freemason?"

Naomba waliojiunga, waliojaribu wakaachwa, na wazazi mliolipa, mtuambie mlichaguaje. Historia za kwenye tovuti zao mwacheni nazo, mtoto kazikariri zote.

Kidani cha Lulu

Dada, hiyo njia nimeipita, nimemaliza 2022. Kwanza mdogo wako ajue kuna koo mbili kubwa na taratibu zake haziingiliani. Kuna zile za muungano wa NPC (National Panhellenic Conference), ulioanza 1902, mashirika zaidi ya ishirini, ndizo zenye majumba ya nguzo nyeupe na wiki nzima ya mchujo kabla masomo hayajachanganya. Halafu kuna zile za Weusi chini ya muungano wa NPHC (National Pan-Hellenic Council), ambako mashirika yako tisa na manne kati yake ni ya wanawake. Huko hakuna mchujo wa hadharani kabisa. Akizichanganya ataharibu kotekote. Mimi naeleza ya kwanza, ya pili waje wenyewe.

Siku za mwanzo unazunguka nyumba zote (kila sororiti tunaiita nyumba). Mlango ukifunguliwa unakuta wasichana wamebanana kuanzia kizingitini mpaka juu, vichwa tu, wanaimba, wanapiga makofi na miguu hadi vibao vya sakafu vinaitikia. Mmoja anakushika mkono anakuingiza ndani. Mnaongea dakika chache, mwingine anakuja kumgusa bega, wanapokezana, unaanza upya: unatoka wapi, unasoma nini, uko bweni gani. Nje ni joto la Agosti, miguu imevimba, kila mtu ana kifeni cha mkononi na chupa ya maji kwenye mfuko.

Jina langu ni Mwanahamisi. Nyumba nyingi waliniambia "oh, zuri!" wakaruka kwenye swali linalofuata. Nyumba moja, ambayo hata haikuwa kwenye zile zinazotajwatajwa, msichana aliniomba nirudie, akarudia na yeye, akachukua kalamu akaliandika kiganjani kwake kwa jinsi alivyolisikia. Raundi iliyofuata nilipokewa na wasichana wengine kabisa, na wote walilitamka sawasawa. Mtu alikwenda kuwafundisha usiku. Nikaipandisha nyumba hiyo juu ya orodha yangu, na ndiko nilikoingia.

Mengine ni hesabu. Kila jioni wewe unapanga nyumba kwa unavyozipenda, na nyumba nazo zinapanga wasichana, kompyuta inaoanisha. Nyumba zenye jina kubwa zinatakiwa kupunguza watu wengi mapema ili wasichana wasije wakang'ang'ania pasipo na nafasi. Kwa hiyo kuachwa na nyumba kubwa siku ya pili mara nyingi si kwamba umeonekana mbaya, ni idadi. Mdogo wako aambiwe hili kabla, maana asubuhi ile ya kufungua ratiba mabweni yote yanasikika vilio.

Ex_Mlezi

Kidani kasema kweli. Nimekuwa mlezi wa wasichana wa mchujo. Kazi hiyo wakati wangu ilinitaka nijitenge na nyumba yangu kwa muda na nisimwambie mtu mimi ni wa wapi, nawasindikiza tu na kuwasikiliza.

Nasisitizia jambo moja: usiku wa mwisho. Raundi ile ni ya taa hafifu na mishumaa, wimbo wa taratibu, msichana mnayeelewana naye anakusomea barua na machozi yanamtoka. Ukitoka hapo, moyo ukiwa bado umelainika, unapelekwa kusaini makubaliano. Humo unaandika nyumba ambazo uko tayari kuingia, na ukioanishwa na mojawapo kisha ukaikataa, hutapokelewa na nyumba nyingine ya NPC chuoni hapo mpaka mchujo mkuu wa mwaka unaofuata. Wapo wanaoandika nyumba moja tu kwa kiburi. Ikiwakosa, wanarudi bwenini mikono mitupu wakati nyumba ya pili ilikuwa inawataka.

Kwa niliyoyaona, waliodumu wengi waliandika nyumba zote walizoalikwa usiku huo.

Wanjiru_wa_DC

Sasa wadau. Naongea upande wa NPHC, maana nilisoma katika kimoja cha vyuo vya kihistoria vya Weusi.

Zile nne ni Alpha Kappa Alpha ya 1908, Delta Sigma Theta ya 1913, Zeta Phi Beta ya 1920, zote zilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard pale Washington, na Sigma Gamma Rho iliyoanzishwa 1922 na walimu saba huko Indianapolis. Kila Mkenya niliyemwambia nataka kujiunga alinijibu "AKA, kama Kamala." Kweli Kamala Harris aliingia AKA akiwa Howard. Lakini hiyo ni sababu ya kununua fulana.

Mimi nilikuja nimeshaamua Delta. Nilipenda kwamba miezi miwili tu baada ya kuanzishwa walikuwa barabarani Washington, Machi 3, 1913, kwenye maandamano ya wanawake kudai kura. Halafu mamangu ni wa Thika, na Delta ndio hao waliosaidia hospitali ya misheni pale, Mary Help of the Sick. Nikaona hii imeandikwa kwa jina langu.

Sasa mambo ya chuoni. Huku hutembei ukitangaza unataka nini. Ukivaa rangi zao, ukiiga wito wao au ukiweka mtandaoni, umejimaliza. Unaenda kwenye shughuli zao za wazi, unasaidia kupanga viti, unakaa kimya. Nilienda za Delta, nikaenda za Zeta pia kwa sababu roommate alinivuta. Nilikuwa nasomea uuguzi, na Zeta wana kazi na akina mama wajawazito ya miaka mingi, pamoja na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto, tangu 1972. Tulikuwa tunafunga vifurushi vya nepi na sabuni kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi, mvua. Baadaye dada mmoja wa mwaka wa nne akakaa na mimi kwenye ngazi akanifafanulia dozi za dawa za mtihani wangu wa Jumatatu. Hakujua kama nina haja na kundi lao, na mimi sikumwambia.

Niko Zeta. Delta bado nawaheshimu sana. Tawi lao chuoni kwetu lilikuwa na watu wazuri tu, ila sikuwahi kukaa nao kwenye ngazi.

Kuhusu Freemason, mwambie Mzee viapo na siri zipo, hatudanganyi. Na siku hizi kuna Wakristo wanaotoka hadharani na kujivua uanachama kwenye video, wakisema viapo vinapingana na imani yao. Mdogo wako azungumze na mchungaji wake kabla, si baada. Mimi niliongea na wangu, mwenyewe alikuwa Omega, chama cha wanaume cha NPHC hiyohiyo.

MamaKe_Neema (Houston)

Mnaongea mishumaa, mimi niongee hundi.

Binti yangu alipoleta habari hii nilimuuliza, "Umekwenda kusoma au kutafuta ndugu? Ndugu si unao?" Lakini nilishindwa. Chuo chake, ada ya nyumba ni maelfu ya dola kwa muhula hata asipolala pale. Mwaka wa kwanza ndio mkali kwa sababu kuna malipo ya kuingia, beji na milo. Halafu yale yasiyoandikwa: fulana ya kila tukio, zawadi za "dada mdogo", picha, gauni la dansi, faini ya kukosa kikao. Za NPHC zimekaa tofauti, hakuna jumba la kulipia, lakini ile siku ya kuingia unalipa kwa mkupuo na inaweza kupita dola elfu moja.

Nilimwambia aombe karatasi ya gharama kila nyumba, mezani, bila aibu. Nyumba moja walimpa karatasi yenye mchanganuo wa kila mwezi na wakamwelekeza kwenye fungu la msaada. Nyingine msichana alicheka akamwambia "usijali, utaona inafaa." Mwanangu aliponipigia kunisimulia kicheko hicho, nikamwambia, mama, hiyo futa. Anayenificha bei akiwa ananibembeleza atanifanyaje nikishasaini?

Mtumwa Juma

Shikamooni wakubwa. Mimi mtu wa Unguja, nimekulia Dallas, navaa hijabu.

Mwaka wa kwanza nilizunguka nyumba za NPC raundi mbili, wasichana walikuwa na adabu, sikubaguliwa. Ila kila shughuli ya kujuana waliyonitajia ilikuwa usiku na ilikuwa na pombe pembeni. Nilijiona miaka minne nikiwa yule anayeondoka saa mbili. Nikajitoa mwenyewe. Baadaye nikajiunga na Mu Delta Alpha, sororiti ya wasichana Waislamu iliyoanzishwa 2016 hapo University of Texas at Dallas. Ramadhani tunafuturu pamoja na tunagawa chakula. Haina jumba, haina jina kubwa, na mama yangu alitulia alipoona ratiba. Si lazima wote waingie kwenye milango ileile, zipo pia za Walatina na za Waasia.

Bukavu_Girl

Jambo kwenu wote. Kuna jambo dada mkubwa hajauliza, nalisema. Mdogo wako ni Mweusi na anakwenda kusini. Pale Alabama, mwaka 2013, gazeti la wanafunzi The Crimson White liliandika kwamba wasichana Weusi wenye alama nzuri walinyimwa nafasi kwenye sororiti za Wazungu kwa shinikizo la wanachama wa zamani. Chuo kikalazimika kufungua upya mialiko. Ni 2013, si enzi za kina bibi.

Mimi mahali pengine, miaka ya karibuni, niliingia nyumba yenye Weusi wachache na nimekaa vizuri. Ila kabla sijachagua nilitafuta mmoja wao nje ya mchujo, maktaba, nikamwuliza kwa Kiswahili cha macho (yeye Mnigeria): ukikosewa hapa, nani anasimama? Akanitajia majina mawili bila kufikiri. Kama angeanza kufikiri, ningeondoka.

Kidani cha Lulu

@Bukavu_Girl hapo umemaliza. Na picha zao wasizitegemee. Msichana Mweusi mmoja huwa anawekwa mbele kwenye kila picha kama ua la mezani.

Kaka_Mtazamaji

Na yale mateso ya wanaoingia? Tunasoma watoto wanakufa.

Wanjiru_wa_DC

Kaka, yapo, tusiyafunike. NPHC ilipiga marufuku ule mtindo wa zamani wa kuwapitisha wanaoingia kwenye majaribio marefu (pledging) mwaka 1990, na bado kuna wanaofanya kichinichini. Kinachotangulia ni kuambiwa "usimwambie mtu" kuhusu jambo lisilo la ibada: kuwafanyia kazi za darasa, kuwapelekea chakula saa nane usiku, kunyimwa usingizi. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitoe hadharani taarifa za mashirika yaliyopatikana na makosa haya. Aingie tovuti ya chuo chake, atafute jina la tawi analolitaka. Tawi, si shirika. Shirika lilelile linaweza kuwa safi chuo hiki na kufungiwa chuo kile.

Shangazi_wa_Marietta

Nimemsomea mtoto yote, kakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Mei. Ana swali moja: akiingia halafu akaona siyo, anaweza kuhamia nyingine?

Ex_Mlezi

Akishafanyiwa sherehe kamili ya kuingizwa, hapana. Mwanachama wa sororiti moja ya NPC hawezi kujiunga na nyingine ya NPC hata akihama chuo, na za NPHC nazo zina msimamo huohuo zenyewe kwa zenyewe. Lakini kati ya siku ya kupokea mwaliko na ile sherehe kuna wiki kadhaa za kuwa mwanachama mpya, na humo anaweza kutoka. Atasubiri mwaka, basi. Wiki hizo zote aende kwenye nyumba ya sororiti siku za kawaida, Jumanne mchana, wakati hakuna anayeimba mlangoni. Na kama Agosti itampita, nyumba zenye nafasi hupokea watu kimyakimya muhula wa pili, bila video.