Krismasi ya kwanza bila baba yao: niwapeleke Mpwapwa au tubaki Nkuhungu?

Mama Cherehani
Wapendwa, za usiku. Saa tano hii bado niko kwenye cherehani, maana mwezi wa kumi na mbili sisi mafundi hatulali. Nina magauni 12 ya kwaya hayajatiwa hata shingo.

Talaka yangu ilitoka mahakamani mwezi wa nne. Ya kesi yalishaisha, siyarudii. Nina binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6, nakaa nao hapa Nkuhungu, Dodoma. Miaka yote, tarehe 23 tulikuwa tunapanda gari kwenda Mpwapwa kwa mama yake baba watoto. Watoto wanalala mkeka mmoja na binamu zao, mimi nasukuma chapati mpaka mgongo unagoma.

Juzi bibi kapiga simu mwenyewe. "Mkwe wangu, walete wajukuu, na wewe uje. Mimi sikukuacha." Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekata. Shida ni kwamba baba yao naye anakwenda, na anakwenda na mwenzake mpya.

Kilichonimaliza kabisa ni jogoo. Nilimnunua soko la Sabasaba nikamfunga uani kwenye mguu wa cherehani bovu. Mdogo akamzunguka weee, kisha akaniuliza, "Mama, sasa nani atachinja?" Kuchinja ilikuwa kazi ya baba yake, yeye anashika miguu. Nikamwambia nitamwita jirani. "Jirani hajui. Baba huwa anampa maji kwanza." Tangu siku hiyo anamnywesha yule jogoo kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Hela ya matunzo ya mwezi huu haijaingia, na Januari hiyo inakuja na madaftari na viatu. Moyo mmoja unaniambia nimnyime watoto mpaka alete.

Nani kapitia hapa? Msiniambie Mungu atanipigania, hilo najua. Nataka mtu aniambie tarehe 25 saa sita mchana alikuwa wapi na anafanya nini.

Baba wa Manyoni
Pole dada. Mimi ni wa upande wa pili, watoto wanakaa na mama yao. Mwaka wa kwanza nilikomaa niwe nao tarehe 25 kutwa nzima. Nikanunua baiskeli, soda kreti zima. Saa sita mchana, kwa kuwa umeuliza, nilikuwa nimekaa na sinia la pilau na watoto wawili wanaangalia mlango.

Mwaka uliofuata tukagawana. Ibada na chakula cha tarehe 25 kwa mama, kuanzia 26 kwangu mpaka mwaka mpya. Nikaona nimepata suluhisho. Baadaye mkubwa akaropoka kwamba kwa mama yake alikuwa anakula vijiko viwili tu, aache nafasi ya kuja kula kwangu nisijisikie vibaya. Ana miaka 9 huyo! Siku hizi wakifika nawapa chai, basi, chakula wataomba wenyewe.

Mzee wa Busara
Uliyataka mwenyewe. Rudi kwa mumeo ulee watoto.

Mama Cherehani
Mzee wangu, shikamoo. Pale kuna mtu tayari, nirudi nikalale wapi, juu ya kabati?

Bi Sakina, Kondoa
Hahaa! Mwache huyo mwanangu.

Kwetu ni Idd lakini kidonda ni kilekile. Eda yangu iliisha wiki mbili kabla ya Idd el Fitri, mama mkwe akaniita kama wako alivyokuita. Nikaenda. Nilishinda jikoni, mawifi wananiangalia kama nimeiba kijiko. Yule mwenzangu mpya kakaa sebuleni amepambwa, na mimi ndiye nilijua chumvi inawekwa wapi kwenye nyumba ile. Usiende. Wapeleke watoto, wewe mtembelee bibi siku nyingine hakuna watu, umchukulie kitu. Mkwe humwachi kwa sababu mwanawe kakuacha.

Msoma Sheria
Kwa kifupi. Kwanza soma amri ya mahakama uone imesema nini kuhusu baba kuwaona watoto. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa, na haimzuii baba kumwona mwanawe. Mdogo akifikisha saba, mtu asikutishe kwamba anahama mwenyewe. Amri inabadilishwa na mahakama.

Pili, matunzo usiyachanganye na kuonana. Asipoleta hela, andika tarehe kwenye daftari, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au rudi mahakamani. Ukiwafungia watoto, kesho yeye ndiye atakayekuwa mlalamikaji. Na kwenda na kurudi mkubaliane kwa ujumbe wa simu, pamoja na nauli anatoa nani. Maneno ya mdomo yanasahaulika tarehe 2 Januari.

Mama Cherehani
Nimewasoma wote, asanteni. Bi Sakina, hiyo ya chumvi imenichoma.

Nimemwandikia baba yao. Tarehe 25 tuko kanisani, halafu Nyerere Square wapige picha na mapulizo yao. Tarehe 26 asubuhi nawapandisha gari la Mpwapwa, baba yao mdogo anawapokea stendi, wanarudi tarehe 31. Kajibu "sawa" na kutuma nauli. Ya matunzo kayaruka kama hakuyaona, nimeshaandika kwenye daftari. Bibi namshonea gauni, watampelekea. Vipimo vyake ninavyo tangu 2013.

Nilidhani hapo nimemaliza. Mdogo kasikia mipango, akaja na hoja yake: jogoo aende Mpwapwa, baba amchinjie kulekule. Kwa hiyo Krismasi sisi tunakula nyama ya buchani, na mimi usiku huu natafuta boksi lenye matundu. Wanaopanda Coaster za Mpwapwa, jogoo akipakatwa analipiwa nauli?