Tupeane uzoefu: sadaka ikishatoka kapuni, inafikaje benki salama?

Wakili_Mwema
Bwana asifiwe wapendwa. Mahubiri ya utoaji tumeyasikia ya kutosha. Hapa naomba wanaohudumu kwenye hazina waweke utaratibu wenyewe: nani anahesabu, anaanzia wapi, na mahali gani huwa panavuja.

Mama Hazina
Wahesabu wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja, na zamu ibadilike kila Jumapili. Mhazini asihesabu. Yeye anapokea fedha na fomu iliyokwisha kusainiwa. Akihesabu mwenyewe, akaandika mwenyewe na kupeleka benki mwenyewe, hata akiwa malaika hana wa kumtetea siku maneno yakizuka.

Anzeni na bahasha kabla ya kugusa kapu. Fungua moja moja, linganisha kilichoandikwa juu na kilichomo. Vikitofautiana, andika kiasi halisi kwa kalamu ya wino, wawili wasaini palepale. Bahasha tupu zisitupwe. Ndizo zinazomaliza ubishi mwumini anaposema ahadi yake haikuingizwa.

Kisha noti za kapu. Tenganisha kwa thamani, zielekee upande mmoja, funga mia mia: kibunda cha elfu kumi ni milioni 1, cha elfu tano ni laki 5, cha elfu mbili laki 2, cha elfu moja laki 1. Kila kibunda kihesabiwe na mikono miwili tofauti. Sarafu zipangwe kumi kumi. Fomu ioneshe idadi ya kila noti na kila sarafu; jumla peke yake haisaidii, kwa sababu hesabu ikigoma benki hamtajua kosa liko wapi.

Pa kuvuja zaidi ni hapa: "toeni kwanza nauli ya mgeni." Msitoe! Fedha yote iende benki kama ilivyohesabiwa, na nauli itoke kwenye fungu la matumizi madogo kwa hati ya malipo. Mkitoa mezani, fomu na hati ya benki havitafanana tena, na mwizi atajificha kwenye tofauti hiyohiyo.

Mjoli
Mbona 2 Wafalme 12:15 inasema wale waliokabidhiwa fedha ya hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu? Tusigeuze kanisa kituo cha polisi.

Mkaguzi wa Ndani
Mjoli, rudi juu kidogo, mstari wa 9 na 10. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha la sadaka, na fedha ilipojaa walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu. Wasimamizi wa mafundi waliotengeneza hekalu waliaminiwa kwa fedha iliyokwisha kuhesabiwa. Paulo naye, 2 Wakorintho 8, hakumtuma Tito peke yake na changizo. Alimpa wenzake, asije mtu akawalaumu.

Simu_Kanisani
Kwenye simu: lipa namba iwe kwa jina la kanisa. Namba ya mhazini ni hatari hata akiwa mwaminifu, maana akifariki salio lile litaonekana ni mali yake, mtaanza kufuatana na ndugu kwenye mirathi. Shida ya pili ni mtu kutuma bila kusema ni ya nini. Tangazeni kabisa kwamba isiyo na maelezo inaingia sadaka ya kawaida, na taarifa ya miamala ilinganishwe na daftari kila mwisho wa mwezi.

Sabato Njema
Kwetu Waadventista bahasha ina sehemu ya zaka na sehemu za sadaka. Zaka yote inapanda konferensi, yaani uongozi wa makanisa ya eneo. Kanisa mahalia haliigusi, hata kwa "kuazima" kulipia umeme. Kila bahasha ina stakabadhi yake.

Baba Mavuno
Niongezee sikukuu ya mavuno, huko ndiko hasara kubwa. Mnadani tangulizeni kuku na maziwa, jua haliwasubiri. Mahindi na maharage yapimwe kwa mizani. Debe na lumbesa huleta kelele. Mahindi ya kuhifadhi yapimwe unyevu: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo bado ni mabichi, yaanikwe tena, la sivyo yataota ukungu guniani. Na mnunuzi alipe kabla hajaondoka na mzigo. "Nitaleta Jumatatu" ya mzee wa kanisa ndiyo ngumu kuliko zote kudai.

Wakili_Mwema
Asanteni. Na taarifa kwa washarika?

Mama Hazina
Jumapili inayofuata: kiasi kilichohesabiwa, kilichowekwa benki, na tarehe ya hati. Ahadi zibandikwe kwa namba za bahasha, bila majina. Fungu la jengo liwe na safu yake hata kama akaunti ni moja.