Mjadala: Tovuti mpya ibaki na wiki au iachane nayo?

Dereva wa Seva, Ntinda
Ndugu zangu, tovuti ya programu yetu ya kumbukumbu za shule inajengwa upya, nami napendekeza wiki, yaani zile kurasa ambazo mtu yeyote anaweza kuzihariri, isihamishwe. Kila Jumatatu nafuta kurasa za kamari zilizobandikwa na roboti. Mwongozo wa usakinishaji bado unaeleza toleo ambalo halipo tena. Maelezo yakae kwenye Git, chombo kinachotunza msimbo wa programu na kila badiliko lake, pamoja na msimbo wenyewe: mwenye rekebisho alilete, mtu mmoja alikague, lipite. Na lugha ipigwe msasa, maana humo ndani kuna Kiswahili cha kambini kinachotia aibu.

Mwalimu wa Koboko
Kiswahili cha kambini ndicho kipi, kaka? Kurasa za maswali ya walimu tumeziandika sisi wa West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ulilijua hilo ulipoandika. Mimi nimekua nikikisikia sokoni, mpakani na msikitini. Sijavaa gwanda hata siku moja.

Mtafsiri wa Mbale
Dereva, hapo umemgusa mwenzio pabaya. Kuhusu wiki yenyewe: Debian, wale wa mfumo endeshi wa Linux, wanayo. Arch, wenzao wa Linux, wanayo, na hata wanaotumia mifumo mingine huikimbilia wakikwama. Ward Cunningham aliweka wiki ya kwanza mtandaoni mwaka 1995, kwa hiyo dawa ya roboti imeshatafutwa miaka mingi. Asiyejisajili asihariri, na mgeni aidhinishwe kwanza.

Dereva wa Seva, Ntinda
Mwalimu, sikukutaja. Nimesema juu ya lugha. Mwongozo unaandika "hapana zima kompyuta". Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Mwanafunzi akisoma hayo kwetu, mwalimu wake atamwambia nini?

Bint Bombo
Atamwambia asizime kompyuta! Kiswahili kikitajwa tu Uganda, lazima askari waletwe. Sawa, Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na walioporwa wakiamrishwa kwa Kiswahili wana haki ya kukumbuka. Lakini mwalimu aliyekaa usiku kuwaandikia wenzake anaingiaje humo? Na lugha hii imo kwenye Katiba tangu 1995.

Wakili wa Jinja
Dada, si 1995. Ni marekebisho ya 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria.

Bint Bombo
Asante, wakili, lakini hukumjibu aliyetukana.

Mhazini wa shule, Masindi
Samahani, naomba niseme la wiki. Mimi si mtu wa msimbo. Muhula uliopita ripoti zilikuwa zinatoka zimekatwa: alama za mwanzo, katikati na mwisho wa muhula zinaonekana, safu ya maoni ya mwalimu wa darasa haipo. Wazazi wanakuja kesho. Kwenye wiki nikakuta mtu ameandika: chagua A4 na ulaze karatasi kabla ya kufungua hakikisho (mwonekano wa karatasi kabla ya kuchapa), ukichagua baadaye programu haishiki. Nikafuata, zikatoka. Chini yake nikaongeza kwa simu kwamba printa yetu ya zamani inataka pambizo zipunguzwe pia. Kwenye Git ningefungua akaunti, nitengeneze tawi, yaani nakala ya pembeni, kisha nimsubiri mkaguzi? Nisingeandika.

Mwalimu wa Koboko
Dada, ukurasa huo wa ripoti ni wangu. "Hapana zima" pia ni yangu.

Mtafsiri wa Mbale
Tena wiki inafungashwa kuwa faili moja la Kiwix, mtu akasoma bila intaneti. Kwa hii kodi ya shilingi mia mbili kila siku, si jambo dogo.

Wakili wa Jinja
Mia mbili ilikuwa ya mitandao ya kijamii, ikaanza 2018. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando.

Dereva wa Seva, Ntinda
Tovuti ya kawaida nayo inafungashwa hivyohivyo, tena kwa urahisi zaidi. Na mhazini hahitaji Git, anaweza kutuma ujumbe, mmoja wetu akaingiza. Lakini naona nimefanywa adui wa walimu. Seva hiyo naigharimia mimi. Taka nafuta mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuomba zamu.

Bint Bombo
Hatukujua kuna zamu, Dereva. Funguo unazo peke yako, na sasa unataka pia uwe "mtu mmoja" wa kukagua lugha zetu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wiki.

Mtafsiri wa Mbale
Nipe mimi Jumatatu. Nitafuta taka, na huo mwongozo wa usakinishaji nitauandika upya.

Dereva wa Seva, Ntinda
Nitakupa ruhusa jioni. Lakini "hapana zima" irekebishwe.

Mwalimu wa Koboko
Kurekebisha ni sawa, hata mimi huwasahihisha wanafunzi. Anayesahihisha aache jina langu kwenye historia ya ukurasa. Na wewe, kaka, lile neno la kambini hujalifuta hapo juu.

Wakili wa Jinja
Kura ya wiki ni lini?

Bint Bombo
Alifute kwanza.