Mashindano ya matangazo ya kilimo: hela wamekula, tangazo hawajasikiliza

Wakuu habari za jioni, mods naomba msiunganishe huu uzi na nyuzi zingine maana nina hasira na nataka wadau wa kilimo wauone.

Sisi tupo watatu huku Mbozi, tunatengeneza matangazo ya redio na vipeperushi vya maduka ya pembejeo. Msimu uliopita tukapewa kazi ya viwavijeshi vamizi, wale wadudu waliotuingilia nchini 2017 na hawajatoka mpaka leo. Tatizo la huku watu wanapiga dawa saa saba mchana, jua linawaka, na mdudu mwenyewe muda huo kajichimbia ndani kabisa kwenye moyo wa mmea wa mahindi, dawa inaishia kwenye majani ya juu, mtu anarudi kulalamika kauziwa feki. Tukatengeneza tangazo la sekunde 45: mama anampigia mdudu hodi mchana, mdudu anajibu kwa sauti ya usingizi "nimelala bwana, njoo jioni." Basi. Aisee liliwaka, mnadani watu walikuwa wanasalimiana hivyo, na wenye maduka wanatuambia wateja wanakuja wanasema nipe ile dawa ya njoo jioni.

Tukaona tangazo la hayo mashindano (siwataji), tuzo za kazi bora za masoko na mawasiliano ya kilimo. Kiingilio laki moja na nusu kwa kila kundi, tukaingia makundi mawili, laki tatu hiyo ya watu wanaolipwa na duka la pembejeo kwa mafungu.

Fomu sasa. Kila kitu kwa Kiingereza. Tangazo la Kiswahili, kwa mkulima wa Kiswahili, unatakiwa ulitafsiri, hebu niambieni "njoo jioni" ya mdudu mlevi wa usingizi unaitafsirije ikabaki inachekesha? Halafu wanataka takwimu za laiki, sheya na kliki, jamani REDIO ina kliki wapi? Nikaandika habari ya wateja madukani, wakanijibu hiyo sio ushahidi unaopimika.

Wakadai linki ya kusikiliza, nikaweka Youtube ile ya kificho, asiye na linki haoni. Mpaka siku wanatangaza washindi ilikuwa na views 4. Tatu zangu nikikagua kama inafunguka, moja ya shemeji yangu. Majaji walikuwa watano.

Aliyeshinda ni bango. Mkulima anacheka, buti zinang'aa utadhani zimetoka dukani asubuhi hiyo, mkononi kashika mahindi ya NJANO. Wakuu, huku kwetu nani analima mahindi ya njano shamba zima? Hiyo picha imetolewa mtandaoni, ni shamba la Marekani huko, na hakuna jaji hata mmoja aliyeshtuka, ndo mjue kama kuna mtu pale aliwahi kushika jembe.

Sisi tukaambiwa hongera mmeingia fainali, cheti mtapewa ukumbini Dar, ila siti ya ukumbini inalipiwa, na nauli juu yako.

Nimewaandikia kuomba karatasi ya alama tu, nione tulianguka wapi. Jibu limekuja leo mchana, mstari mmoja, uamuzi wa majaji ni wa mwisho, na chini yake wameweka linki ya kulipia kiingilio cha mwakani.