Gari limefeli kipimo cha moshi, fundi anasema nitoe masega. Nifanyeje?

GiaYaTatu

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Gari langu ni la petroli, injini ya 1500, otomatiki, lina miaka kumi na tano na mimi ni mmiliki wa tatu. Halinisumbui. Asubuhi linawaka mara moja, halivuji oili, halitoi moshi wa kuonekana kwa macho. Juzi nikalipeleka kwenye ukaguzi nikijua naingia na kutoka. Breki zikapita, taa zikapita, matairi yakapita. Jamaa akachomeka bomba lake kwenye ekzosi, akasubiri dakika mbili tatu, akatikisa kichwa. Limefeli moshi. Nimepewa siku kumi na nne, nikichelewa naanza foleni upya.

Nimeshazunguka gereji tatu. Fundi wa kwanza kasema masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) yamekufa, ninunue mapya, na bei aliyonitajia ni karibu nusu ya thamani ya gari lenyewe. Wa pili kasema nisipoteze hela, tuyatoe masega tuweke bomba tupu, gari litakuwa jepesi na siku ya kupima "tutajua pa kupitia". Wa tatu kaniuzia dawa ya kumimina kwenye tangi. Nimemimina. Tofauti niliyoiona ni kwenye pochi tu.

Hivi gari ambalo halitoi moshi linafelije kipimo cha moshi? Na kati ya hao watatu nimsikilize nani? Kilichoniuma zaidi, wakati natoka pale getini nilipishana na lori linafuka mweusi kama tanuri.

Natanguliza shukrani.

ShokaButu

Pole mkuu. Hiyo ni kodi, wameivalisha koti jeupe la daktari tu. Kila wakikosa hela wanabuni kipimo kipya. Mimi masega nilitoa miaka minne iliyopita na gari yangu inapumua kama kijana. Mwambie huyo fundi wa pili akate leo leo.

FundiKimya

Mleta uzi, usikate kitu na usinunue kitu. Pale ulipewa karatasi yenye namba. Iko wapi? Iandike hapa yote kama ilivyo, usitufupishie.

Na swali lingine, utaona kama halihusiani: gari likishatembea nusu saa, mshale wa joto kwenye dashibodi unasimama wapi?

GiaYaTatu

Karatasi ilikuwa imekunjwa chini ya kiti, fundi wote watatu hakuna aliyeiomba. Nanakili:

Sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta): CO 2.4, mwisho 0.3.
Resi ya 2500: CO 2.1, mwisho 0.2. HC 310, mwisho 200. Lamda 0.94, inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Mshale wa joto haufiki hata robo, hata nikitembea mchana kutwa. Hilo nilikuwa najivunia, maana mwanzoni lilikuwa linachemsha. Fundi mmoja akatoa themostati na tangu hapo limetulia kabisa, huu mwaka wa pili.

FundiKimya

Nilijua. Sasa nisikilize taratibu.

Hiyo lamda ni hesabu ya hewa dhidi ya mafuta. Ikiwa 1 kamili, maana yake kila gramu moja ya petroli imepata takriban gramu 14.7 za hewa na imeungua yote. Ikishuka chini ya 1, mafuta ni mengi kuliko hewa. Yako ni 0.94. Injini yako inalishwa kupita kiasi, kinachobaki hakiungui sawasawa, kinatoka kama CO, yaani kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Na CO haina rangi wala harufu, ndiyo maana wewe unaona gari safi na mashine inaona vingine. Huo moshi mweusi wa lori ni masizi. Ni uchafu wa aina nyingine na hupimwa kwa mashine nyingine, ile inayomulika mwanga katikati ya moshi kuona unazibwa kiasi gani.

Kwa nini mafuta ni mengi? Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukiitoa, injini inakuwa kama mtu anayetetemeka siku nzima. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya joto, inaona "bado baridi", inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Miaka miwili hiyo. Niambie ukweli, ulaji wa mafuta haujapanda?

Masega kwa upande wake ni jiwe lenye vitundu vidogo vidogo, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. (Ndiyo maana yanaibwa, na ndiyo maana kuna mafundi wanapenda sana kukutolea bure.) Huanza kufanya kazi yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na ili yageuze CO kuwa hewa ya kawaida ya ukaa yanahitaji oksijeni. Gari lako haliachi oksijeni. Ukinunua masega mapya leo, yatafeli kwa sababu ile ile, na baada ya muda yatajaa masizi yafe kweli. Huyo fundi wa kwanza hakukuibia. Hakusoma tu.

Siku nyingine ukipewa karatasi: CO ikiwa juu na lamda iko chini ya 1, tafuta kinacholeta mafuta mengi, yaani themostati, sensa ya oksijeni, nozeli inayovuja, sensa ya hewa iliyochafuka. HC (petroli iliyotoka bila kuungua) ikiwa juu lakini CO iko chini, kuna silinda haichomi, anza na plagi na koili. Vyote vikiwa karibu na kikomo na lamda iko sawa, hapo ndipo tuanze kuyatuhumu masega.

Rudisha themostati. Lakini kwanza utafute kwa nini lilikuwa linachemsha, maana themostati haikuwa na kosa. Angalia feni ya rejeta kama inawaka, angalia mfuniko wa rejeta, angalia kama rejeta imeziba. Ukimaliza badilisha oili, hiyo ya sasa imeshachanganyika na petroli.

GiaYaTatu

Ulaji umepanda kweli. Nilikuwa nalaumu vituo vya mafuta, nimebadilisha vitatu.

DizeliDaima

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina dizeli yenye kichujio cha masizi, taa yake inawaka kila baada ya wiki mbili. Natembea kwenda kazini kilomita nne tu. Nikitoe?

FundiKimya

Usikitoe. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyaunguza masizi kwa joto la nyuzi 600 hivi, na kilomita nne hazifikishi hata robo ya safari hiyo. Mara moja kwa wiki lipeleke barabara kuu, nusu saa bila kusimamasimama, resi isiwe ya kinyonge. Taa ikibaki hata baada ya hapo, kapime mashine. Na kwa mwendo wako huo, gari linalofuata nunua la petroli.

ShokaButu

Darasa zuri, fundi. Lakini hujajibu la lori. Mwenye kigari cha 1500 anasimamishwa, lori linapita. Na hao wenye viwanda vyao je? Volkswagen walikamatwa Septemba 2015, magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu inayojua kwamba sasa gari linapimwa, likawa malaika kwenye mashine na shetani barabarani. Kampuni kubwa inadanganya mashine, halafu mimi mwenye gari kuukuu ndiye nionekane adui wa hewa. Kwa nini nisidanganye na mimi?

BwanaHesabu

Shoka, hoja ya lori nakubaliana na wewe asilimia mia, na kuna waliokubaliana nayo kabla yetu. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa anatembea na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli anawatikisia watu mbele ya kamera. Kufika Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakazuiwa kuingia mjini mpaka yafunge kichujio. Walianza na wakubwa. Kama kwako wameanza na wadogo, lalamikia mpangilio, hapo una haki.

Ila mfano wa Volkswagen unakurudia mwenyewe. Walinaswa kwa sababu watafiti wa chuo cha West Virginia walilitoa gari kwenye maabara wakalipima likiwa linatembea barabarani. Waliopima ndio waliotusaidia sisi tuliouziwa.

Na mwone jinsi sheria ikiandikwa ovyo au vizuri inavyobadilisha mambo. London walianzisha ukanda wao wa ULEZ (gari lisilofikia kiwango cha moshi likiingia linalipa) katikati ya jiji Aprili 2019, Agosti 2023 wakauongeza mpaka jiji zima. Watu walikasirika mpaka wakawa wanakata kamera usiku. Lakini kiwango chenyewe hakikutazama umri peke yake: petroli ilitakiwa Euro 4 (Euro ni madaraja ya Ulaya ya usafi wa moshi), ambayo magari mengi ya kuanzia 2005 hivi yanayo, na dizeli ilitakiwa Euro 6, ya kuanzia 2015 hivi. Kwa hiyo petroli ya zamani iliyotunzwa ilipita bure na dizeli mpya mpya ya 2012 ikalipishwa. Wengi waliokuwa wanapiga kelele gari lao lilikuwa linapita, hawakuwa wameangalia.

MamaWaWatatu

Mimi si fundi, nasoma tu kwa sababu na mimi nina kipimo mwezi ujao. Nina mtoto ana pumu. Nyie mnabishana kodi, mimi najua siku za foleni ndefu mbele ya shule kwa sababu usiku wake silali. Magari yanasubiri watoto yakiwa yanaunguruma, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza ndani.

Nesi wetu aliniambia CO inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na zile chembe ndogo, PM2.5, WHO mwaka 2021 walishusha kiwango cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Mimi sina mashine ya kupima hizo. Nina inhela.

Kaka Shoka, gari lako linapumua kama kijana, sawa. Anayepumua nyuma yake ni nani?

ShokaButu

Hapo dada umenikalia. Mtoto apone haraka. Lakini naomba nieleweke, mimi sipingi hewa safi, napinga kuambiwa nibadilishe gari na mtu ambaye basi la kunipeleka kazini hajaniletea.

MamaWaWatatu

Hilo la basi nakuunga mkono.

Mpitanjia_5

Mbona mnajisumbua? Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, futa makosa yote, taa ya injini inazima, nenda moja kwa moja kapime. Nimefanya mara mbili.

FundiKimya

Ukifuta makosa unafuta na kumbukumbu ya vile gari lilivyojipima lenyewe. Sehemu wanazochomeka kompyuta wanaona mara moja kwamba majaribio hayajakamilika, wanakurudisha ukaendeshe siku kadhaa kwanza. Na sehemu wanazoweka bomba kwenye ekzosi, mashine haijali taa yako imezima au inawaka. Ulipita mara mbili kwa sababu gari lako halikuwa na shida kubwa.

GiaYaTatu

Wakuu nimerudi na mrejesho, siku ya kumi na moja.

Feni ya rejeta ndiyo ilikuwa mbovu, moja kati ya mbili haikuwa inawaka kabisa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kuchemsha tangu mwanzo, na fundi akatibu kwa kung'oa themostati. Nimeweka feni, themostati mpya, oili mpya. Mshale sasa unasimama katikati. Siku ya kwanza nilipaki pembeni mara tatu nikidhani linachemsha.

Nikaenda kupima. CO 0.7, lamda 0.98. Limefeli tena! Nilitaka kulia pale pale. Nikamtumia FundiKimya namba, akaniambia sensa ya oksijeni ya mbele itakuwa imevaa masizi ya miaka miwili. Nilipoifungua ilikuwa nyeusi ti. Nikabadilisha, nikatembea kama kilomita mia mbili, nikarudi jana. Nikaomba wanipime gari likiwa bado la moto, si baada ya kukaa saa zima kwenye foleni limezimwa.

Resi ya 2500: CO 0.12, HC 60, lamda 1.00. Limepita. Masega ni yale yale ya kiwandani.

Vyote kwa pamoja, feni, themostati, sensa na oili, havijafika hata theluthi ya bei ya masega niliyotajiwa. Mafuta bado napima, tangi moja halitoshi kusema kitu, ila kishale kinashuka polepole kuliko nilivyozoea.

FundiKimya, Mungu akuzidishie.

FundiKimya

Safi. Hiyo karatasi usiikunje tena, iweke kwenye kabrasha. Mwakani ukiipeleka pamoja na ile mpya utajua kama masega yanachoka.

ShokaButu

Hongera mkuu, kwa dhati. Lakini lile lori bado lipo barabarani.

GiaYaTatu

Lipo. Leo asubuhi nilikuwa nyuma yake dakika kumi, vioo juu.